Foto ya Bazee

Vita vilipoifunga barabara ya Uganda, wapiga picha wa Butembo walilia. Maliro hakulia, alipiga hesabu. Dawa ya kukaza picha, ile inayozuia sura isitoroke kwenye karatasi, ilikuwa imepanda bei kupita kiasi. Akaitia maji. Ilipokaribia kwisha, akaitia tena. Picha zilitoka safi, ila baada ya miezi michache ziligeuka rangi ya chai.

Mteja wa kwanza kurudi hakuja kugomba.

"Papa Maliro! Hii inafanana kabisa na foto ya muzee wetu, ile ya wakati wa ukoloni wa Babeleji. Fanyia na bibi yangu!"

Bahati ikidondoka mlangoni, mfanyabiashara haulizi imetoka wapi. Maliro alitoa kabatini kamera kuukuu ya sanduku, aliyoipata kwa Mgiriki mmoja mnunuzi wa kahawa, akanunua koti la kola pana, kisha akaandika kwenye mlango wake pale mtaa wa Bulengera: FOTO YA BAZEE. Na bei akaipandisha. Vijana wakapanga foleni, koti likapita bega hadi bega, na ile kasoro ikamjengea Maliro nyumba ya matofali.

Ndipo akaja Kavuo, muuza sombe, majani ya muhogo. Mwanawe Phinées alikuwa amepeleka maharagwe Beni, na tangu asimamishwe kwenye kizuizi cha wanamgambo hakuna aliyemwona. Kavuo alikuwa akizunguka kwa wakimbizi wa kule, picha aliyopigwa kwa Maliro mkononi.

"Foto inanikimbia, Papa. Batu ba Beni banasema, mama, hapa hakuna mutu, ni koti tu. Kosa ni yangu. Niliitundikaka karibu na moto, moshi ikamukula. Donc unifanyie ingine."

Maliro akatafuta filamu. Nayo ilikuwa imepita katika dawa ileile: madoa ya kahawia, sura hakuna.

"Moshi ni kitu mubaya, mama," akasema.

"Hata baba yake alinikatazaka. Aksanti, Papa," Kavuo akajibu, akainama, akaikunja ile karatasi ndani ya kitenge.

Maliro alikuwa amewahi kuuza vibovu na kulala usingizi. Lakini kuona mwanamke anabeba kosa lake yeye, tena anamshukuru! Kavuo alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mama Phinées. Haiko moshi. Ni dawa. Nilitia mayi mingi."

Kavuo hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Funga studio," akasema. "Mimi nikieleza sura yake, banasema kila mama anasifu mutoto wake. Weye kazi yako ni kuangalia batu. Ulifunga jicho moja, ukamuangalia muzuri. Twende Beni. Utasema weye."

Wakaenda. Katika mtaa wa Ruwenzori, mkimbizi mmoja, Agar, alisema kulikuwa na vijana waliotoroka kwa wanamgambo msituni, huenda alimwona Phinées kati yao.

"Alikuwa namna gani?"

Kavuo akamgeukia Maliro. Maliro akafungua kinywa. Alikumbuka walivyovutana bei. Alikumbuka mwanga wa dirishani, na kidevu cha kijana alichokiinua kwa kidole. Juu ya kidevu hakukuwa na kitu.

"Alivaa koti," akasema polepole, "ya kola pana."

Kavuo akaikunjua ile karatasi ya kahawia.

"Koti ilikuwa yako, Papa," akasema.