Kibanio cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu, Mungu amlaze pema, alifariki Jumapili akiwa ameacha gari la mtu wazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililomnyima mke wake amani wiki ile. Moyo ulisimama akiwa anavua viatu baada ya ibada, na kule gereji pikapu ya muuza maziwa ilikuwa imefunuliwa boneti, injini haina kichwa. Kichwa chenyewe, ambacho mafundi hukiita hedi, kilikuwa juu ya meza ya kazi. Vali zake nane zilikuwa zimeshasagwa na kusafishwa, zimepangwa kwenye gazeti kwa namba. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzirudisha pamoja na springi zake, kufunga hedi, na kuwasha.

Siku ya pili baada ya maziko, wageni walipopungua, wifi yangu alinivuta jikoni akasema, "Wifi, sitaki mume wangu alale kule na amana ya mtu mkononi."

Muuza maziwa hakuwa mtu mbaya. Alikuja msibani, akakaa hadi mwisho, na alipoaga alisema kwa aibu kwamba atasubiri mpaka Jumamosi, kisha atakuja na kamba alivute gari hadi gereji nyingine. Ng'ombe hawaachi kutoa maziwa kwa sababu fundi amekufa. Wifi alimwelewa, lakini wazo la gari lile kuvutwa kwa kamba mbele ya watu, vipuri vikiwa kwenye boksi, lilimuuma. Mumewe katika miaka ishirini na sita ya ufundi hakuwahi kurudisha gari la mtu likiwa vipande vipande. Basi Alhamisi asubuhi tukaenda gereji, mimi na yeye.

Gereji yenyewe ni banda la mabati lenye mlango mpana na shimo katikati la kukagulia magari kwa chini. Mdogo wangu aliianzisha pamoja na mwenzake mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Redio, kwa sababu akifumbua mdomo asubuhi haufungi hadi jioni. Mdogo wangu watu walimwita Kimya. Mteja akija kueleza ubovu wa gari, Redio ndiye aliyejibu na kuuliza habari za watoto, na mdogo wangu alisikiliza injini. Waligawana kazi: Redio breki, magurudumu na giaboksi, Kimya injini. Walikorofishana mara moja tu kwa ninavyojua, na hiyo ilikuwa juu ya kibanio.

Niseme kibanio ni nini, maana hata mimi nilikuwa sijui. Springi ya vali ni ngumu, huwezi kuibonyeza kwa kidole. Unahitaji chuma kilichopinda kama herufi C, mdomo mmoja ushike vali kwa chini na mwingine usukume springi kwa juu. Unazungusha mpini, bolti inasukuma, springi inabonyea, nawe unaingiza loki mbili ndogo kuliko punje ya mahindi zinazoshika shingo ya vali. Ukishalegeza, springi inakaa mahali pake. Vibanio hivi huuzwa madukani, lakini cha mdogo wangu alikitengeneza mwenyewe ujanani, kwa kipande cha chesesi ya lori, ile fremu ya chini inayobeba gari. Kilikuwa kizito, cheusi, na mpini wake ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa. Kilining'inia kwenye msumari wake juu ya meza na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa.

"Angekuazima mswaki wake kabla hajakuazima hiki," Redio alituambia.

Alitueleza kwamba kila ilipofika kazi ya vali, mwenzake alimtuma mahali. Nenda kachukue gasketi, nenda kamwone yule mteja. Akirudi, anakuta springi zote zimeshaingia na Kimya anapangusa mikono. Kama Redio amekaa tu, mwenzake alimpa mgongo, akainama juu ya hedi kama mwanafunzi anayeficha majibu. Miaka na miaka. Redio aliamini kuna siri ya ufundi mle, labda namna ya kumaliza haraka, na ndiyo waliyogombania siku ile moja. Redio alimwita mchoyo. Mdogo wangu alicheka tu, akampa chai.

Sasa siri ilikuwa imekwama. Redio, kwa uchungu na haraka ya kumheshimu mwenzake, alikuwa amekishusha kibanio siku iliyofuata maziko. Alikivika kwenye hedi, akakaza kulia kama kila mtu duniani anavyokaza bolti. Mpini ukagoma. Akadhani ni kutu, akamwagia mafuta ya taa. Ukagoma. Akavika bomba kwenye mpini ili apate nguvu zaidi, akajitupa nalo kwa uzito wake wote, na bolti ikalia mara moja na kujifunga kabisa. Tangu hapo haikwenda mbele wala nyuma.

"Kimekufa na mwenyewe," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Alikuwa ameshajaribu kuazima kingine. Gereji ya barabara kuu walikuwa nacho, lakini mdomo wake ulikuwa mdogo kwa hedi ile. Ushauri wake ulikuwa tukikate kile cha marehemu, tung'oe bolti, tuchomelee nyingine. Alikuwa ameshaongea na mchomeleaji wa jirani. Wifi alitazama pembeni akasema kama hakuna njia, basi akate. Niliona alivyoshika ukingo wa meza.

Niliomba nikitazame kwanza. Sijui kwa nini. Labda nilitaka tu kushika kitu alichokishika. Mimi ni fundi cherehani, vyuma sivijui, ila macho yangu yamezoea kutazama vitu vidogo kwa karibu. Nilikaa kwenye kigoda chake mlangoni penye mwanga, nikakigeuzageuza. Nilijiuliza mtu anaficha nini kwenye chuma ambacho kila kitu chake kinaonekana. Fremu, mpini, bolti nene fupi. Nikafuta grisi kwenye hesi za bolti, ile mikato inayoizunguka, kwa upindo wa kanga yangu ili nizione vizuri.

Ukitazama kitambaa cha jinzi utaona mistari midogo inayolala upande. Mshonaji akikosea, akageuza kipande kimoja, mistari inalala kinyume na suruali nzima inaonekana ya ajabu, hata kama mvaaji hajui kwa nini. Nilipozitazama hesi zile nilipata hisia hiyohiyo. Mezani palikuwa na kopo la bolti mchanganyiko. Nikachukua moja, nikaisimamisha kando ya ile. Hesi zilipanda kwenda kulia. Nikachukua ya pili, na ya tatu, hadi nikafika kama kumi. Zote zilipanda kwenda kulia. Za kibanio zilipanda kwenda kushoto.

Nikamwita Redio. "Redio, hebu njoo. Hii mistari mbona imelala vingine?"

Alichukua bolti mkononi mwangu, akatazama kibanio, akatazama tena bolti. Kisha akakaa chini, kibanio mapajani.

Bolti ya kibanio ilikuwa bolti ya gurudumu, akasema, ya lori la zamani, upande wa kushoto. Malori yale yalikuwa na bolti za kinyume upande ule ili nati zisijifungue njiani. Yeye mwenyewe amefungua mia kama hizo. Kumbe alikuwa amefungua kibanio alipodhani anakaza, na kilipofika mwisho wake akakilazimisha kwa bomba. Akajiita majina ambayo sitayaandika.

Hakukikata. Alikipeleka kwa mchomeleaji, wakakipasha moto, wakazungusha kushoto, kikaachia. Lakini mimi swali langu ndiyo kwanza lilikuwa limeanza. Bolti za kawaida zimejaa kila kona ya banda. Mtu anakwendaje kutafuta ya kinyume?

Redio alisema labda ndiyo aliyoiokota tu. Akakivika kwenye hedi, akaanza kukaza kwa kwenda kushoto, na baada ya vali moja alikuwa anahema. Alisema mkono hauna nguvu upande ule. Ni kweli, nawe unaweza kujaribu hapo ulipo: mkono wa kulia una nguvu ukizungusha kwenda kulia. Ukiuzungusha kushoto unakuwa kama wa mgonjwa.

Wifi alikuwa anautazama mkono wake. Akasema, "Shika kwa kushoto, shemeji."

Redio akabadili mkono. Mpini ukazunguka, springi ikabonyea taratibu bila kulia.

Nilimgeukia wifi nikamuuliza amejuaje. Alinitazama kama mtu anayepima kama aseme au asiseme.

"Mume wangu alikuwa wa kushoto, wifi. Alinyoa ndevu kwa kushoto, alipiga misumari kwa kushoto, kijiko alishika kwa kushoto. Ukibisha hodi wewe, anahamishia kulia. Na shemeji hapa akijua kitu, kinakufikia siku hiyohiyo."

Mdogo wangu alipokuwa na miaka saba, mama alinikabidhi kazi ya kumnyoosha, maana mimi ndiye niliyekuwa mkubwa na mama alikuwa shambani kutwa. Nilichana upindo wa nguo kuukuu, nikawa namfunga mkono wa kushoto kwenye kiti wakati wa kula na wakati wa kuandika. Nilimwambia kwamba siku ya mwisho kondoo watasimama kuume na mbuzi kushoto, nikamuuliza anataka kuwa nani. Alijibu kondoo. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima, bila kumpiga hata mara moja, na nilijivunia hilo. Alipoanza kuandika vizuri kwa kulia nilipewa sifa. Nimekisimulia kisa hicho mara nyingi, kwenye harusi yake, kwenye kikundi chetu cha sala, yeye akiwepo. Alicheka pamoja na wengine, kikombe kikiwa mkono wa kulia.

Nilipojaribu kuanza kueleza, wifi alinigusa bega akasema hakuwahi kumsikia akinilaumu. Alisema mumewe alipoulizwa kwa nini anahamisha, alijibu kwamba dada alihangaika sana, asingependa nione kazi yangu imepotea bure.

Mpaka leo ninapoomba nasimama hapo. Naamini Mungu aliumba mikono yake yote miwili, na najiuliza kwa nini nilihitaji kipande cha chesesi kunionyesha.

Lakini siku ile kulikuwa na vali saba zimebaki, na Ijumaa tukarudi. Redio alizungusha kwa kushoto, wifi alimulika kwa taa ya mkononi, na loki nikaingiza mimi, kwa kibanio cha nywele kilichopakwa grisi nchani, maana vidole vya Redio ni kama ndizi. Loki moja iliruka. Tulipiga magoti wote watatu tukaitafuta chini ya meza kwa sumaku, na ilipopatikana ndani ya kiatu cha Redio tulicheka hadi wifi akafuta machozi, akaendelea kucheka. Nafikiri ndipo alipoanza kupumua. Jioni hedi ilikuwa juu ya injini.

Jumamosi asubuhi, Redio akiwa anamalizia kuweka maji na mafuta, niliuliza kama kuna rangi. Palikuwa na kopo la nyeupe. Nikachora mshale kwenye fremu ya kibanio na chini yake nikaandika: KAZA KUSHOTO. Redio alisema fundi yeyote ataona mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba yeye hakuona. Wifi alisema acha iandikwe.

Muuza maziwa akafika akiwa na kamba begani na vijana wawili wa kusukuma. Redio aliingia garini akawasha. Injini ilikohoa moshi kidogo, ikatulia, ikawa inanguruma sawasawa. Muuza maziwa aliinama juu ya boneti akasikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinamia upande kama alivyokuwa akifanya mdogo wangu. Kisha akavua kofia.

"Ni mkono wake huu," alisema.

Wifi akachukua ufunguo kutoka kwa Redio, akautia mkononi mwa mwenyewe. "Chukua gari lako, baba. Mume wangu hana tena kitu cha mtu."

Alisimama mlangoni hadi pikapu ilipopinda kona na sauti yake ikapotea. Kisha akaniuliza kama nina njaa.