Bibi Aliyerudisha Vifaa vya Sabuni

Siku hizi za soko huria tunahimizwa kujiajiri, na mashirika ya misaada yamefika hata kwetu Bariadi. Juzi nilikuwa katika ofisi ya shirika mojawapo alipoingia bibi mmoja na sufuria kubwa kichwani, ndani yake magadi makali. Shirika lilikuwa limempa vifaa hivyo atengeneze sabuni ya kuuza. Akavitua mbele ya bwana mradi.

"Nimevirudisha, mwanangu."

"Bibi! Na sabuni yako inavyogombewa sokoni?"

"Mvuke wa magadi unanifanya niwe na macho mekundu."

Bwana mradi, mgeni kutoka Dar es Salaam, akacheka. "Tutakupa dawa ya macho."

"Na majirani utawapa dawa gani? Nimeezeka bati kwa pesa ya sabuni, na macho ndiyo haya. Sasa nikipita wananyamaza."

Karani, Msukuma mwenzetu, akaacha kupiga taipu. Anajua kwamba huku kwetu kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na wanaomwita hivyo humfuata na mapanga.

"Sasa kwenye ripoti niandike nini?" bwana mradi akauliza, kicheko kimemwisha.

"Andika bibi ni mvivu. Mvivu hakatwi mapanga."

Nikainuka kumpisha kiti. "Keti, mayu," nikamwambia, yaani mama kwa Kisukuma. Lakini nikiri, ndugu wasomaji, mimi ninayeimba kwaya kila Jumapili: alipoketi, nilisogea pembeni ili asinitazame usoni.

Bibi aliona. Akayafumba macho yake, nisiogope.