Mitufaha Iliyovaa Sponji za Wifi

Wifi yangu Ilona hawezi kuingia mahali akakaa tu kama watu wengine. Lazima kwanza ashike rejeta. Nasema zile rejeta za ukutani zinazopasha nyumba joto, zilizo chini ya kila dirisha huku kwetu. Mpeleke harusini, ataigusa ya ukumbini kabla hajampa bibi harusi mkono. Kanisani hukaa pembeni kabisa, padri anahubiri, na yeye kiganja chake kinapapasa chuma. Siku ya ubatizo wa mwanangu wa pili nilimtafuta nimpe keki, nikamkuta amepiga magoti nyuma ya pazia, nyayo tu zinaonekana, anazungusha vali ya rejeta.

"Wifi, pazia zito namna hii linakula joto lote," akaniambia kutoka humo humo. "Nani alikushauri?"

Pazia hilo alinishonea mama yangu mzazi. Nikamkatia keki kwa sababu ya wageni, lakini sijasahau.

Kazi yake ndiyo hiyo. Ana ofisi ndogo mjini Łomża, na anachora joto la nyumba za watu. Anaingiza kuta kwenye programu, anaingiza madirisha na paa, anaiambia kila chumba kinatakiwa kiwe na joto kiasi gani, na programu inamjibu rejeta ya ukubwa gani iwekwe wapi. Siku hizi wengi wanataka joto la sakafuni. Hapo mabomba membamba yanazungushwa chini chumba kizima, yanafunikwa kwa zege, na yote yanaanzia kwenye kisanduku kimoja cha chuma ukutani, chenye safu ya vali za kugawa maji ya moto. Chumba kikipungukiwa joto, programu inakipaka bluu. Kikizidi, inakipaka nyekundu. Ilona akiona rangi yoyote kati ya hizo hatulii. Mume wake aliwahi kuninong'oneza kwamba hata usingizini kidole chake kinabonyeza.

Basi fikiria hali yake alipoanza kuchora nyumba atakayohamia mama yake mwenyewe.

Nyumba ni yetu, mimi na mume wangu Sylwek, ambaye ni mdogo wake Ilona. Tuliijenga kwenye ua ule ule wa nyumba ya zamani ya mbao, anamoishi mama mkwe wangu, Mama Genowefa. Na tuliijenga kwa haraka kwa sababu yake. Februari iliyopita nilikwenda kumpelekea maziwa nikamkuta amelala chini jikoni, uso mwekundu, hanisikii. Jiko lake la vigae, linalopasha nyumba nzima na ambalo yeye huliegemea, lina ufa, na makaa ya mawe yakiwaka vibaya yanatoa sumu isiyo na harufu wala moshi. Nilimburuta hadi kwenye theluji kwa mikono yangu hii. Daktari alituambia wazi kwamba mara ya pili hatutamuwahi. Kwa hiyo ilikuwa lazima ahame kabla ya baridi kali kuanza, na yeye akasema hahami.

"Nihamie kwenye nyumba isiyo na jiko?" alisema. "Mgongo wangu nitauegemeza wapi?"

"Jiko liko sakafuni, Mama," Ilona alimweleza. "Sakafu yote inakuwa na joto."

"Mimi si paka, mwanangu. Silali sakafuni."

Maneno hayo yalimwingia Ilona, na tangu siku hiyo hakukalika. Aliweka rejeta chumbani kwa Mama ili apate kitu cha kuegemea, halafu akaitoa, maana pampu yetu ya kupasha maji inatoa maji ya uvuguvugu yanayoitosha sakafu tu. Rejeta ya maji hayo Mama angeigusa mara moja na kusema imekufa. Akaweka kubwa zaidi, ikameza ukuta mzima, akaitoa. Kisanduku cha vali akakipeleka chumba cha kufulia, akakitoa, akakiweka chini ya ngazi, akakitoa, na kila akikihamisha mabomba yote ya nyumba yanabidi yachorwe upya. Simu yangu haikupumua.

"Wifi, kitanda cha Mama kitakaa wapi?"

"Ukutani, nimekwambia."

"Ukuta upi? Na kabati? Siwezi kupitisha bomba chini ya kabati."

"Ilona, nina mtoto kwenye beseni."

"Basi akitoka kwenye beseni nipigie."

Mwishowe kisanduku kikatulia kwenye korido, karibu na mlango wa chumba cha Mama. Lakini mabomba ya nyumba nzima yakawa yanapita kwenye korido hiyo yakienda vyumbani, na joto linamwagika njiani. Korido ikawa nyekundu. Dawa yake ni kuyavisha mabomba hapo sponji ndefu zenye tundu katikati, ili joto lifike linakotakiwa. Ilona alizinunua mwenyewe, akazileta nyuma ya gari, zimefungwa mzigo mzima wa kijivu, akamwonyesha Sylwek na kumwonyesha tena. Aliniachia mimi mchoro niutunze.

Sasa mume wangu nampenda, ila kwa ujenzi ni mtu wa Jumamosi. Wanakuja rafiki zake wawili, wanafanya kazi kwa moyo kabisa, na wakishikwa na njaa wanatandika karatasi juu ya mbao na kukata soseji. Karatasi waliyotandika ilikuwa mchoro wa Ilona. Nilipoufikia, korido yote ilikuwa imefunikwa na haradali. Zege ikamwagwa Septemba. Ilona akapiga simu kuuliza, Sylwek akamjibu, "Kila kitu kiko sawa, acha presha," na mimi nikaamini kama yeye alivyoamini.

Siku ya Watakatifu Wote kila mtu anarudi kwao kuwasha mishumaa makaburini, na Ilona alikuja asubuhi na vyungu vyake vya maua. Fundi wa pampu alikuwa ameiwasha wiki hiyo ili zege ikauke taratibu. Nyumba ilikuwa bado haina milango ya ndani wala rangi. Nikamwona wifi ameshuka kwenye gari, chungu mkononi, amesimama uani haendi mbele wala nyuma.

"Sylwek," akaita. "Ile ni nini?"

"Mitufaha," mume wangu akasema. "Tulipanda masika."

"Imevaa nini?"

Sylwek akaanza kukagua viatu vyake. Mimi nikaangalia miti, ambayo nilikuwa naiona kila siku bila kuiona. Sungura huku kwetu wanatafuna magome wakati wa theluji, kwa hiyo kila mtu anaifunga miti michanga, wengine kwa magunia, wengine kwa soksi kuukuu za wake zao. Yetu ilikuwa imevaa sponji za kijivu, nzuri, mpya, zimekatwa sawasawa kuanzia ardhini hadi kwenye matawi.

"Mwaka jana sungura walinimalizia miwili ya kwanza," Sylwek akasema. "Na hizo zilikuwa zimebaki."

"Hazikubaki! Haziwezi kubaki! Nilizipima!" Chungu cha maua akakipachika mikononi mwangu, akauendea mti wa kwanza, akaichana ile sponji na kuipunga mbele ya pua ya mdogo wake. "Nimechora mwaka mzima, wewe mwanaume, mwaka mzima, unawavisha sungura!"

"Sungura hawajavaa, Ilona. Imevaa miti."

Nusura nicheke, na ningecheka angenipiga. Mama Genowefa akatoa kichwa kwenye mlango wake wa mbao. "Uache huo mti, utaugua," akasema. "Na mpunguze makelele, leo ni siku ya marehemu."

Tuliingia kwetu, kwenye nyumba ya kupanga iliyo upande wa pili wa barabara, tukala supu ya kuku kabla ya kwenda makaburini. Tulikula sisi. Ilona alifungua kompyuta katikati ya sahani, akaanza kufuta sponji zake kwenye programu, bomba baada ya bomba. Nikamwambia mezani ni mahali pa kulia. Hakunisikia. Korido ikawaka nyekundu ya kuiva, na chumba cha mwisho kikageuka bluu.

"Chumba cha Mama," akasema.

"Ni rangi tu," Sylwek akajibu.

"Ni rangi tu? Ataingia pale, atatembea, miguu itamwambia kuna ubaridi. Atasema nilijua, na atarudi kwenye jiko lake, halafu Februari…" Macho yalimjaa, akawa anabonyeza hivyo hivyo, anafungua vali hii, anabana ile. Sijawahi kumwonea wifi yangu huruma kama wakati ule, na pazia langu nililisamehe kwa muda.

"Tutavunja zege," Sylwek akasema kwa sauti ndogo.

"Uvunje kwa nyundo, juu ya mabomba yenye maji! Ee, vunja!"

Nikavuka barabara kumwita Mama ili twende. Koti lake halikuwepo kwenye msumari, na bakuli la unga wa mkate mtamu, aliloniambia asubuhi kwamba limegoma kuumuka kwa ubaridi, nalo halikuwepo mezani. Nikaita, kimya. Nikapiga kelele kuelekea kwetu, na Ilona akaja mbio bila koti, akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye jiko. Akaliwekea viganja vyote viwili. Lilikuwa baridi, majivu ya jana. Akachungulia nyuma ya kitanda, akafungua stoo, akatoka, akarudi kulishika jiko tena. Sylwek alikwenda getini kuuliza majirani. Hakuna aliyemwona.

Ndipo nikaona mlango wa nyumba mpya uko wazi kidogo. Ilona aliuona pamoja nami. Tuliingia tukisukumana, mlango ukajibamiza nyuma yetu.

"Msibamize mlango!" sauti ikatufokea kutoka ndani. "Unga unaumuka!"

Mama mkwe wangu alikuwa kwenye korido. Alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mgongo kwenye kisanduku cha vali, viatu amevipanga pembeni, nyayo wazi kwenye zege. Bakuli lilikuwa sakafuni kando yake, limefunikwa kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimeinuliwa na unga. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Nilimkagua haraka, nikakumbuka Februari, lakini macho yake yalikuwa makali kama kawaida.

"Mama, unafanya nini humu?" Ilona akauliza.

"Nyumbani baridi, unga umegoma, na ninyi mnagombana siku ya marehemu. Nikaja kuona hicho mnachogombania. Chumba mlichosema changu nimekipita. Si kibaya. Cha kulala, nitafungua na dirisha." Akajiegemeza vizuri zaidi. "Nilipofika hapa, miguu ikasimama yenyewe. Kumbe jiko mlilificha humu! Mwaka mzima mnaniambia hakuna jiko."

Ilona akafungua mdomo aeleze kwamba lile si jiko. Namjua, angeeleza na lita zitakazopita kwa saa. Nilimfinya mkono kwa nguvu zangu zote.

Sylwek alikuwa ameingia nyuma yetu, anahema. Mama akamwona. "Kiti changu chenye mikono utakileta hapa."

"Mama, hapa ni njiani."

"Basi mtanipita."

Ilona akachuchumaa, akaweka kiganja sakafuni, halafu ukutani, halafu kwenye mlango wa kisanduku karibu na bega la mama yake. Alikaa hivyo, na kidole chake hakikubonyeza kitu.

Makaburini tulikwenda tumechelewa, mishumaa ya wenzetu imeshawaka yote. Tuliporudi, mimi naosha sahani, yeye akaivuta kompyuta tena. Nikachungulia begani kwake. Korido ilikuwa nyekundu vile vile. Akaibonyeza, likatokea lile neno "korido," akalifuta, akaandika "Mama." Kwenye joto linalotakiwa akaondoa lile dogo la mahali pa kupita, akaweka kubwa la mahali pa kukaa mtu mzima asiyependa baridi. Nyekundu ikatoka. Akafunga kompyuta, akaniomba kamba, akaenda kuufunga upya ule mti aliouvua nguo.

Mama Genowefa alihamia kabla ya theluji. Kiti kiko kwenye korido na sote tunampita, watoto wanamruka miguu, na nguo zake za kuanika huning'inia juu ya kisanduku nisipowahi kuziondoa. Ufa wa jiko la zamani Sylwek hakuuziba, alilivunja lote.

Wifi yangu bado ni yule yule. Juzi tu kwenye mazishi ya jirani nilimwona anaipapasa rejeta ya kanisa na kutikisa kichwa. Lakini akija kwetu hashiki ukuta wala sakafu. Anakwenda moja kwa moja korido, anaingiza mkono kati ya kiti na mgongo wa mama yake, anausikiliza kwa kiganja, ndipo anavua koti.