Kisiwa cha Kungojana

Niliolewa kisiwani nikitokea Itiryo, kwetu kwenye vilima na ng'ombe. Wilaya ilikuwa ileile ya Tarime, lakini mimi niliona nimetupwa ziwani. Sikukipenda kisiwa kile hata siku moja. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba jogoo mmoja aliwatosha wote, na harufu ya samaki ilikufuata hadi kwenye shuka. Watu wake walikuwa ukoo mmoja, na kazi yao kubwa, kuliko hata uvuvi, ilikuwa kungojana.

Mdogo haezeki nyumba kabla ya mkubwa. Mdogo haonji mahindi mabichi kabla ya mkubwa. Na mvua ikinyesha, hakuna jembe linalogusa udongo mpaka mke wa kaka mkubwa wa ukoo, tuliyemwita Mama Mkubwa, apande mbegu yake. Ukimtangulia, utapata chira: mtoto wako atakonda mpaka afe. Watu wazima, wenye ndevu zao, waliamini hivyo.

Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa, na huyo ndiye aliyenichosha kuliko wote. Mkutanoni alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka: "Ndugu zangu, hapa hakuna mkubwa wala mdogo! Jembe ni moja, jasho ni moja!" Wakampigia makofi. Nyumbani hakuthubutu kupanda hata kunde kabla ya shemeji yake.

Mwaka mmoja alimchinjia mgeni wa wilayani mbuzi wa Mama Mkubwa bila kumwomba mwenyewe. Mama Mkubwa akanuna. Mvua ya kwanza iliponyesha akajilaza ndani. "Mvua hii si yangu," akasema. Basi kisiwa kizima kikakaa. Shamba la ujamaa likaota magugu, wanaume wakashona nyavu huku wakitazama mawingu kama wageni wanaosubiri chai.

"Mwenyekiti," nikamwambia mume wangu, "mvua haina shemeji."

"Subiri," akasema.

Sikusubiri. Mwanangu alikuwa ameanza kula ugali, na kwenye debe ulibaki unga wa kukorogea uji tu. Nikapanda mtama nyuma ya nyumba, mchana kweupe, mtoto mgongoni. Ukaota vizuri. Ndipo mume wangu akaja, amevaa shati lake la mikutano, akaung'oa wote kwa mikono yake, mstari kwa mstari. Alisema anamwokoa mtoto. Nilimdharau siku ile, na amekufa sijaacha.

Mama Mkubwa alipopewa mbuzi mwingine akapanda, sote tukamfuata, na mvua ikakatika mimea ikiwa bado michanga. Tulikula dagaa bila ugali mpaka mwanangu akawa anafumba mdomo akiona sahani. Alibaki mbavu tupu. Na wapumbavu wale wakanong'ona kwamba ni chira ya mtama wangu.

Mtoto alipona. Miaka ikapita, wakubwa wakafa mmoja mmoja, na ukubwa ukaniangukia mimi, mtu wa kuja. Nikawatangazia: kila mtu apande anapotaka, msinitazame mimi. Wakaitikia wote kwa adabu.

Mvua iliyofuata ilinikuta na malaria. Nimelala natetemeka, inanyesha, na sisikii jembe hata moja. Mlangoni alisimama mke wa shemeji yangu mdogo, msichana mgeni kama nilivyokuwa mimi, kibuyu cha mbegu mkononi, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nenda kapande."

"Siwezi, mama. Nitamuua mtoto."

"Nani amekudanganya?"

Akatazama chini. "Mama, wa kwako si alikonda?"

Nikamtukana kwa Kikurya cha kwetu, yeye na kisiwa chake chote. Kisha nikatambaa kwa magoti hadi nje, nikachimba shimo kwa vidole, nikatia mbegu, nikafukia. Sijafuta tope mikononi, majembe yakaanza kulia kisiwa kizima.