Turubai Lililotua kwa Mtani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza hapa duniani. Nilianza na viti vichache vya plastiki na darasa la saba langu, na leo mtu wa Mtwara akitaka turubai la harusi au la msiba anaanza kwangu, akikosa ndipo aende kwingine. Nina Fuso, nina masufuria ya kuingia ng'ombe mzima, na sasa nina programu. Mteja anaagiza kwa simu, analipa kwa simu, gari linaondoka.

Aliyeitengeneza ni mama mmoja wa Ufukoni, fundi hasa. Alinieleza kwamba mteja akilipa, programu inauliza mtambo wa kampuni ya simu kama hela imeingia. Jibu huchelewa, kwa hiyo haisimami kusubiri. Shauri la mteja yule inalilaza pembeni, inahudumia wengine, jibu likirudi inaliamsha.

"Kama mama lishe," nikamwambia. "Hagandi jikoni kusubiri ubwabwa uive."

"Hapo umeelewa, mzee."

Mimi huelewa haraka, nimejaliwa.

Basi mpwa wangu wa Ziwani akawa anatoka unyagoni. Kwetu Wayao mwali ni wa mjomba. Dada yangu hakuniomba turubai, alinitazama tu. Alfajiri nikaagiza kwa simu yangu, nikalipa kama mteja yeyote, ili ukoo wote uone mambo yangu yanavyokwenda. Nikavaa kanzu, nikatangulia Ziwani kukaa kijomba.

Saa mbili na nusu uwanja bado mtupu, na wageni wanakuja saa nne.

"Kaka," dada akasema, "wageni tuwakalishe juu ya sifa zako?"

Nikampigia dereva. Akasema ameshafunga turubai Magomeni, huku huku Mtwara mjini, viti amepanga, ila mwenye nyumba hataki kifunguliwe kitu. Nikaomba nizungumze naye. Sauti niliijua hata kabla ya salamu: mwalimu mmoja, Mngoni, mtani wangu wa siku nyingi.

"Wewe Myao, nimeamka nakuta msiba mlangoni kwangu. Umeniua lini?"

"Mwalimu, gari limekosea."

"Gari halina kosa. Mimi alfajiri niliingia kwenye mashine yako kuuliza bei ya viti tu, nione kama bado unatupunja. Sasa marehemu nimekaa kiti cha mbele, majirani wananipa pole. Msiba wa mtani haufunguliwi bure."

Na hapo hana kosa. Kitu chako kikishaingia kwenye utani hukichukui kwa nguvu wala kwa kununa, unakikomboa. Dereva wangu naye kakulia huku huku, asingethubutu kung'oa hata kigingi kimoja.

Nikampigia yule mama wa Ufukoni. Haikumchukua muda kuliona kosa. Shauri langu lilipolala, mwalimu akaingia kuuliza bei zake, na mtaa wake akaandika. Jibu la hela yangu liliporudi, programu ikamkuta yeye mlangoni, ikamkabidhi yeye.

"Shauri likilala lazima lilale na muktadha wake," akasema. "Nani kauliza, anataka nini, apelekewe wapi. Mimi niliyaweka mahali pamoja pa wote, kila anayeingia anafuta ya mwenzake. Kosa langu, mzee."

"Kwa hiyo dawa?"

"Kila swali litoke na mzigo wake mgongoni, na jibu likirudi limkute mwenye mzigo ule ule."

Akarekebisha siku ile ile. Tangu hapo hata watu wakiagiza kwa pamoja, kila turubai linakwenda kwa mwenyewe. Mimi nilijua tangu mwanzo ile programu ni nzuri.

Lakini asubuhi ile cha kwanza kilikuwa kukomboa. Mwalimu akanitajia moja moja: jogoo wa marehemu, soda za waombolezaji, na sanda ambayo angeinunua kama angekufa kweli. Sikubishana, mwali alikuwa ndani ananisubiri. Nikatuma hela hapo hapo. Mwalimu mwenyewe akapanda Fuso pamoja na viti, na wageni wa kwanza walikuta nguzo zimesimama, yeye yuko kiti cha mbele anaongoza vigelegele.

Mwali akatoka, kang'aa. Dada akanimiminia chai mwenyewe, akanong'ona, "Leo umekuwa mjomba." Na utani wote ule, pamoja na sanda, ulinigharimu shilingi elfu sitini na tatu na mia tano.