Usiondoke Hapo Simu Ilipo

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima na kujiona tayari juu ya gari jekundu la zimamoto, kofia ya chuma kichwani, akina mama wa Jogoo Road, Nairobi, wakinipungia mikono. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, lakini kuota hakuulizwi cheti. Ofisa wa zamu, mtu mrefu asiyecheka, akanipeleka kwenye chumba kisicho na dirisha na kunionyesha kiti.

"Gari lina watu wake. Wewe ni wa simu."

"Mpaka lini, afande?"

"Mpaka simu inyamaze."

Kazi alinifundisha kwa nusu saa. Swali la kwanza: simu inatoka wapi? Ukishajibiwa, unaandika kwenye kitabu cha matukio, yaani daftari la kila wito, kisha unabonyeza kengele ya kuwatoa wenzako. Kwa mtaa kama Buruburu ilifaa sana. Wafanyakazi wa serikali walikuwa na simu sebuleni. Palipowaka moto ndipo simu ilipokuwa. Wenzangu waliondoka kwa kishindo, mimi nikabaki na ukuta.

Miaka ikapita hivyo. Kisha msimu mmoja wa mvua ikaja dhoruba. Alasiri moja upepo uling'oa mabati, na mto ukaingia mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga. Mtu akapiga akihema. Alisema anaitwa Wambua, mchonga vinyago, na mama yake amekwama juu ya paa.

"Simu inatoka wapi?"

"Geti la kiwanda cha sabuni. Soja ameniruhusu."

"Gari linakuja, ndugu."

"Asante. Wacha nirudi kwa mama."

Nikaandika: getini. Gari likaenda getini na mashua ya mpira, likamkuta soja, mlinzi wa geti, peke yake. Mukuru hapakuwa na namba za nyumba. Wenzangu wakazunguka wakimuulizia Wambua, na kila kichochoro kilikuwa na Wambua wake. Walipofika, paa lilikuwa limeshachukuliwa na maji, na mama pamoja nalo.

Jumanne ya wiki iliyofuata Wambua alikuja kituoni. Mtu mfupi, mikono ina makovu ya patasi.

"Ni wewe ulishika simu?"

"Ni mimi."

"Ungeniambia nikae pale, ningekaa."

Hakupandisha sauti. Akaenda zake.

Nilimwambia ofisa kwamba swali letu ni la watu wenye simu nyumbani.

"Tangu lini mtu wa simu akafundisha zimamoto?"

"Tangu Jumanne iliyopita, afande."

Akanisukumia kadi tupu na kalamu. "Andika basi."

Nikaandika kwenye kadi, nikaibandika juu ya simu: Usiondoke hapo simu ilipo. Ngoja gari, ulionyeshe njia.

Mafuriko yaliporudi, mama mmoja akapiga simu kutoka geti lile lile. Nyumba yake imezingirwa, watoto watatu wako ndani. Nikamsomea kadi.

"Watoto wangu wako kwa maji, nami nisimame hapa? Wewe uko na watoto?"

"Sina, mama. Simama tu. Niambie majina yao."

Akayataja, akayarudia, mpaka honi ikasikika na simu ikaachwa ikining'inia. Nikabaki nikisikiliza mvua ya mahali nisipopajua.

Dereva aliporudi alikuwa amelowa mpaka shingoni. "Wote watatu, buda," akasema. "Yule mdogo ameniuma mkono."

Siku hizi nimestaafu, naishi peke yangu Tassia, na simu yangu hulia tu mtu akikosea namba. Mimi huongea naye kidogo kabla hajakata. Majuzi nilipita kituoni, nikawasikia ninyi vijana mnaokaa pale penye simu mkiyasema maneno ya ile kadi haraka haraka, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nawaomba myaseme polepole. Mnamwambia mtu asimame mbali na mama yake.