Fundi wa Mashuka Yenye Tundu Anasubiri Zamu Yake

Saa moja asubuhi, cherehani ya chumba cha kushonea cha hospitali imeshaanza kulia. Fundi anakunja shuka la kijani mara nne, analipapasa kwenye kona kwa kidole gumba, kisha anapitisha mkasi. Analikunjua. Tundu limetokea katikati, duara kamili, kama limechorwa kwa kikombe.

Hilo ni shuka la upasuaji. Mgonjwa hufunikwa mwili mzima, pakabaki wazi pale tu daktari anapopafanyia kazi. Fundi, mwanamke wa makamo mwenye mkono mwepesi na mdomo usiokopa maneno, ameshona mengi mno. Wenzake wanasema yote yakianikwa siku moja, jua litaomba ruhusa kupita.

Mara moja kwa mwaka huja daktari bingwa wa kuwarekebisha wanawake waliokeketwa. Hufungua kovu, akaondoa lililokomaa, akarudisha kinachorudishika.

"Si muujiza," Fundi anasema. "Kilichotupwa kimetupwa. Ila mtu kukojoa bila kuuma meno, huo nao ni utajiri."

Anajua anachosema. Alikeketwa akiwa darasa la pili. Chumbani walizoea kumtania kwamba akienda chooni ndipo chai inapobandikwa, na akirudi imeshanywewa, vikombe vimeoshwa na sukari imepanda bei. Naye alicheka kuliko wote. Hawakujua sababu mpaka mwaka jana, zamu yake kwa daktari ilipofika.

Mume alijua. Ndiyo maana aliondoka.

"Alisema amechoka kulala na mtu anayelia," Fundi anaeleza, akitunga uzi kwenye sindano bila kukosea. "Na mimi niliyekuwa nalia, nilikuwa nimepumzika?"

Daktari huyo ana utaratibu wake. Sindano ya ganzi huchomwa mgongoni, na wengi wa wanawake hawa, wakiona tu kitanda na vyuma, hurudi utotoni papo hapo. Kwa hiyo kila mmoja huruhusiwa kuingia na ndugu wa kumkumbatia mabegani mpaka ganzi ishike. Fundi, ambaye mama yake ni marehemu, aliingia na shangazi aliyemlea.

Shangazi huyohuyo ndiye aliyemshika siku ile ya wembe. Walikuwa wameshasameheana, au wamekaa kimya muda mrefu hata kimya kikafanana na msamaha.

Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda, akainamisha mgongo. Nesi akasema, "Haya bibi, mshike."

Shangazi akapiga magoti sakafuni, akamshika miguu. Akaikaza.

"Hakukusudia," Fundi anasema. "Mikono yake ilikuwa inajua njia moja tu."

Teke alilolitupa Fundi liliangusha trei nzima ya vyuma. Mlinzi wa getini anaapa alidhani paa limeshuka. Presha ikapanda, ikagoma kuteremka. Daktari akaahirisha, na nafasi akapewa mwanamke aliyefuata. Alilazwa chini ya shuka alilolishona Fundi mwenyewe, na siku chache baadaye akapita chumba cha kushonea kuaga, anatembea taratibu, anatabasamu. Fundi alimpongeza, akafunga mlango, akashona mpaka uzi ukaisha.

Nyumbani, shangazi alikataa chakula. Mwishowe akainyoosha mikono yake mbele ya mpwa wake.

"Mwanangu, nikaikate hii?"

"Hapana, shangazi. Kukata kumetosha."

Wiki ijayo daktari anarudi, na safari hii Fundi ndiye wa kwanza. Mfua nguo wa hospitali amejitolea kumshika; ana mikono ya kubeba mashuka mabichi, haitetemeki. Mpishi naye amejitolea. Fundi amewashukuru wote wawili, akawakatalia. Atakayeingia ni shangazi.

Sasa kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Fundi huketi ukingoni mwa kitanda chake na kuinamisha mgongo. Bi kizee husimama mbele yake. Mikono hutangatanga hewani, kisha huanza kushuka yenyewe.

"Juu, shangazi," Fundi humwambia. "Juu zaidi."

Anaulizwa kwa nini anajisumbua, na watu wenye mikono mizuri wapo. Anang'ata uzi, anautema pembeni.

"Nisipomfundisha mimi pa kunishika," anasema, "atakufa anajua miguu tu."